KUBEBWA SI KUFIKIKA: MSIMAMO WA TAWI KUHUSU MABWAWA YA KUOGELEA

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE NA WAKAZI WA MTAA*



Mwezi uliopita mama mmoja wa shina letu alituletea ombi ambalo hatujalizoea. Binti yake ana miaka tisa, anatumia kiti mwendo, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo ameshauri aogelee. Mama aliomba tumtafutie bwawa hapa Dar es Salaam ambalo mtoto anaweza kuingia. Tulidhani ni kazi ya simu mbili tatu. Wiki tatu zimepita na bado hatuna jibu la kumpa.

Kwenye simu kila mahali tuliambiwa "karibuni, hakuna shida". Tulipofika ndipo shida ikaonekana. Hoteli moja ina njia nzuri ya mteremko kutoka getini hadi mapokezi, lakini kutoka mapokezi hadi bwawani ni ngazi saba. Kwingine mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ni mwembamba kuliko kiti. Mahali pa tatu msimamizi alitujibu kwa roho safi kabisa: "Vijana wapo, watambeba."

Hatuna ugomvi na msimamizi yule. Lakini mtoto wa miaka tisa atabebwa leo. Akifika kumi na minane, akiwa na nguo za kuogelea, atabebwa na nani? Na siku vijana wasipokuwepo?

Wapo watakaosema hii ni anasa. Si anasa. Maji yakimfika mtu kifuani, miguu inabeba sehemu ndogo tu ya uzito wake, kwa hiyo anayeshindwa kusimama nchi kavu anaweza kujaribu hatua majini. Halafu ni mtoto, anataka kucheza kama wenzake. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu inautaja mchezo wa mtoto waziwazi. Nchi yetu iliuridhia mkataba huo mwaka 2009, na mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Hao si wachache.

Bahari ya bure ipo, Coco Beach pale. Jaribu kusukuma kiti mwendo kwenye mchanga, kisha uje tuzungumze.

Tena ulemavu si kiti mwendo pekee. Kiziwi hasikii filimbi ya mwokoaji, anahitaji bendera. Asiyeona anahitaji ukingo anaoutambua kwa unyayo. Mwenye ualbino anahitaji kivuli au saa za jioni. Bwawa lisilo na paa saa saba mchana kwake limefungwa. Mambo haya yanahitaji akili kuliko fedha.

Winchi ya kumshusha mtu majini ni ghali, na hatutaidai kwa kila mwenye bwawa kesho asubuhi. Njia ya mteremko ni zege tu. Kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu, yaani ngazi ya sentimita 15 inataka mita 1.8. Fundi yeyote wa mtaani anaiweza.

Tunamtaka diwani wetu alifikishe hili kwenye baraza la madiwani: kibali cha ujenzi wa hoteli au shule yenye bwawa kisitolewe mpaka mchoro uonyeshe njia kutoka getini hadi *majini*, si hadi mapokezi. Mabwawa yaliyopo yapewe muda maalumu wa kurekebisha.

Na kabla hatujanyoosha kidole zaidi: ofisi yetu ya tawi ina ngazi mbili mlangoni. Mama yule alitueleza shida yake akiwa amesimama nje, kwa sababu hakutaka kumwacha mtoto peke yake juani. Sote tulikuwa ndani, kwenye viti.

Ngazi hizo tunazivunja Jumamosi, saa mbili asubuhi. Fundi yupo, mchanga na kokoto vipo, bado mifuko miwili ya saruji. Mwenye kuweza amwone katibu. Na anayefahamu bwawa lolote linaloingilika, aende na futi kamba, apime mlango, ahesabu ngazi, atutumie picha.

_Imetolewa na Ofisi ya Katibu wa Tawi_