Stadi Ngumu Haimwokoi Fundi Asiye Stadi

Mteja akiingia kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road jijini Nairobi kutafuta stadi za hedi, yaani vyuma vyenye nyuzi na nati vinavyoibana hedi mahali pa bolti, kwa ajili ya Subaru yake yenye tabo, ombi lake huwa moja: apewe zile ngumu kuliko zote. Hapimi kipenyo. Haulizi iwapo zitaingia kwenye bloku ya chuma au ya alumini, wala hataji presha ya tabo anayokusudia kuitumia. Muuzaji naye hana sababu ya kumbishia, maana ngumu ndiyo ghali.

Tabia hiyo inastahili kukosolewa, na pa kuanzia ni kwenye hesabu. Injini ya EJ20, ambayo wapenzi wa Subaru Afrika Mashariki wanaijua kwa mlio wake, ina silinda zenye kipenyo cha milimita 92. Mwako ukifikisha presha ya bar 100 ndani ya silinda moja, hedi inasukumwa kwa nguvu ya karibu tani 7. Huo ni mzigo wa lori la Fuso, na haupigi mara moja ukaondoka. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 50 kwa sekunde. Kinachoizuia hedi isinyanyuke na kuacha gasketi iungue ni bolti sita tu kwa kila hedi, na hedi moja inafunika silinda mbili.

Wengi hudhani bolti hizo zinafanya kazi kama misumari kwenye ubao. La hasha, bolti ya hedi ni springi. Ikikazwa inavutika, na kule kutaka kurudi urefu wake wa awali ndiko kunakoibana hedi. Stadi ya sentimita 10 iliyokazwa sawasawa hurefuka chini kidogo ya nusu milimita, basi. Ndani ya kipimo hicho kidogo ndimo umo uhai wote wa gasketi. Tena joto huongeza lake: alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo injini ikipata moto wa nyuzi 80 zaidi, sentimita 10 za alumini huizidi stadi kwa karibu sehemu ya kumi ya milimita na kuivuta zaidi. Stadi isiyo na akiba ya nguvu hulegea moja kwa moja hapo, nayo haijikazi tena.

Sasa liko jambo ambalo muuzaji hamwambii mteja. Nguvu ambayo fundi anaitia kwenye spana haiendi yote kuivuta stadi. Kwa kadirio linalotumiwa na wahandisi, karibu nusu yake humezwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti au nati, karibu asilimia 40 humezwa na msuguano wa nyuzi za bolti, na kinachobaki kuvuta chuma ni kama asilimia 10 tu. Ina maana kwamba uchafu kidogo kwenye nyuzi, au oili ya injini mahali palipotakiwa mafuta maalumu ya kufungia, unaweza kuikosesha hedi sehemu kubwa ya mkazo huku tokirenchi ikisoma kipimo kilekile. Namba imetimia, hedi haijabanwa. Na huyo ni fundi mwenye tokirenchi. Wapo wanaofunga hedi kwa bomba refu na hisia za mkono.

Mwamba ngoma anaelewa zaidi. Hakazi upande mmoja mpaka mwisho ndipo ahamie mwingine. Anazunguka, anavuta kidogo hapa na kidogo pale, kwa sababu anajua ngozi iliyovutwa isivyo sawa haitoi sauti. Hedi nayo huanzwa katikati na kwendwa nje kwa hatua. Utaratibu wa Subaru unataka hata bolti zikishakazwa zilegezwe nusu mzunguko, mara mbili, ndipo zikazwe upya na kumaliziwa kwa digrii. Hatua hiyo ya kulegeza ndiyo inayorukwa na gereji nyingi kwa kuwa inaonekana kama kupoteza muda.

Je, stadi ina faida yoyote kuliko bolti ya kawaida? Ipo, na ni ya kweli. Bolti inapokazwa huvutwa na kupindwa kwa wakati mmoja, tena inasaga nyuzi za bloku kila inapofunguliwa. Stadi inaingizwa kwenye bloku kwa vidole tu, kisha nati ndiyo inayozungushwa juu, hivyo chuma kinavutwa bila kupindwa sana. Kwa bloku ya alumini, ambayo nyuzi zake hukatika upesi, hilo peke yake ni sababu tosha ya kuinunua kwa injini inayofunguliwa mara kwa mara. Ila Subaru ina shari yake: injini imelala kifudifudi kati ya chesisi, na hedi haiwezi kuchomoka kupita stadi ndefu injini ikiwa bado ndani ya gari. Anayefunga stadi akubali mapema kwamba siku ya kufungua, injini yote itatoka.

Kuhusu ugumu wenyewe, kampuni ya ARP ya California, iliyoanzishwa mwaka 1968 na ambayo jina lake ndilo linalotajwa zaidi kwenye biashara hii, ina chuma cha daraja mbalimbali. Kile cha 8740 kinahimili takribani paundi 190,000 kwa inchi ya mraba kabla ya kukatika, ARP2000 takribani 220,000, na L19 kinafika 260,000. Bolti ya daraja la 12.9 inayopatikana kwenye maduka ya kawaida iko kwenye 177,000 hivi. Mteja anaona 260,000 na mkono unaenda mfukoni.

Hapo ndipo anapokosea, hasa akiwa mtu wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam. L19 haivumilii unyevu. Mtengenezaji mwenyewe anatahadharisha kwamba chuma hicho kinaweza kupata nyufa na kukatika kikiguswa na maji, na kinatakiwa kishikwe kwa uangalifu na kipakwe oili muda wote. Hata jasho la mikono ni adui. Ni chuma cha magari ya mashindano yanayohudumiwa na watu waliovaa glavu. Kukileta kwenye hewa ya chumvi ya Pwani, kwenye gereji iliyo chini ya mwembe, ni kulipia tatizo.

Marekani ilipata somo la aina yake kupitia Ford. Malori yake yenye injini ya dizeli ya V8 ya lita 6.0, yaliyouzwa huko kuanzia modeli ya 2003 hadi 2007, yalijulikana kwa kuunguza gasketi. Injini hiyo ilikuwa na bolti nne kuzunguka kila silinda, wakati ile ya lita 7.3 iliyoitangulia ilikuwa na sita. Wamiliki wakakimbilia stadi, na kwa wengi zilisaidia kweli. Waliofunga stadi na kuacha kipoza oili kimeziba walirudi gereji, kwa sababu joto lililoanzisha balaa lilikuwa bado lipo.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, zinazobeba watalii kutoka Arusha, hazikutoka kiwandani na tabo, na mgandamizo wake unazidi 22 kwa 1. Anayeibandikia tabo bila kupunguza presha wala kurekebisha dizeli hawezi kuokolewa na stadi yoyote. Vivyo hivyo Subaru iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli ya Japani ya oktani 100: ikinyweshwa petroli ya oktani ya chini na presha ikapandishwa, injini inagonga, na kugonga huko ndiko kunakonyanyua hedi. Tiba yake ni kompyuta ya injini na petroli, si chuma.

Kwa gari la barabarani ambalo presha yake haijabadilishwa, bolti mpya za kiwandani zinatosha, mradi hedi iwe imenyooshwa na mashimo ya bloku yasafishwe hadi chini. Tabo ikipandishwa kiasi, stadi za 8740 ni chaguo la busara. Zaidi ya hapo, ARP2000. L19 ibaki dukani. Na kabla hajatoa hata shilingi, mwenye gari na amwombe fundi amwonyeshe tokirenchi yake, kisha amuulize ilipimwa usahihi lini mara ya mwisho.