Kifauwongo Kinatosha Kuanzia

Ndugu zetu wa kambini, na ninyi kaka na dada wa mashirika, leo tuongee kuhusu jani.

Kila tukiomba masomo ya sayansi jibu ni lilelile: maabara hakuna, jifunzeni kushona au kutengeneza sabuni. Kushona hatukudharau, kunalisha familia nyingi hapa. Lakini eti bila maabara hakuna sayansi? Hapo tunakataa.

Angalieni kifauwongo, ule mmea ambao watoto wakiugusa unajikunja kama umekufa. Kinachopita ndani yake ni umeme. Ukiugusa, chembe zenye chaji zinavuka utando wa seli, na ishara inasafiri seli kwa seli. Ikifika kwenye kifundo cha jani, maji yanatoka kwenye seli za upande mmoja, kifundo kinalegea, jani linalala. Kasi yake ni kama sentimita 2 au 3 kwa sekunde. Ni ndogo sana ukilinganisha na mishipa yetu ya fahamu, ndiyo maana macho yanaweza kuifuata.

Aliyeuchunguza sana mmea huu ni Jagadish Chandra Bose, Mhindi wa Kolkata, enzi za mkoloni Mwingereza. Chuoni alikofundisha walimpangia mshahara mdogo kuliko wa Wazungu. Aligoma kuupokea miaka 3, na darasani aliendelea kuingia. Maabara ya maana hakupewa. Vifaa alibuni mwenyewe, akaviunda na mafundi wa palepale. Mwaka 1917 akafungua taasisi yake ya utafiti, na mpaka leo ipo.

Kwa hiyo sisi hatuombi jengo. Tunaomba mwalimu, saa 2 tu kwa wiki. Rula ipo, simu yenye saa ipo, kifauwongo tutakipanda kwenye makopo ya mafuta. Unakata ncha ya jani kwa mkasi, unahesabu sekunde vijani vikijifunga jozi kwa jozi, unapima umbali, unagawanya. Umepata kasi ya ishara. Hapo fizikia, baolojia na hesabu zimekaa meza moja, na hakuna aliyekariri kitu.

Cherehani zije, tunazipokea. Ila msituchagulie kwamba akili zetu mwisho wake ni sindano.

Wadau, nani ana mbegu za kifauwongo? Na nani kati yenu wa mashirika atatupa huyo mwalimu?