Tabia Njema: Majani ya Ng'ambo ya Mto

Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini. Huko mpaka wake ni Mto Mbagathi tu, na ng'ambo ya mto yaanza nchi ya Wamasai wa Kaputiei, yaani Kitengela, kisha Kajiado. Mwaka wa mvua mpaka huo haumsumbui mtu. Lakini katika ukame kama ule wa 2009, ng'ombe walipokufa kwa maelfu, mchungaji aliyesimama ukingoni aliona mavumbi upande wake na majani upande wa pili. Sheria yakataza ng'ombe kuingia mbugani. Usiku ni giza, na askari hawawezi kuwa kila mahali. Je, avuke?

Swali hili lafanana sana na lile ambalo mtaalamu wa Marekani, Lawrence Kohlberg, aliwauliza wavulana katika utafiti alioumaliza mwaka 1958 kwenye Chuo Kikuu cha Chicago. Yeye alisimulia habari za mume ambaye mke wake alikuwa karibu kufa, na dawa ya kumponya ilikuwa kwa mtu mmoja aliyetaka fedha nyingi kuliko zile mume alizoweza kuzipata. Je, mume huyo aibe? Kohlberg hakushughulika sana na kujua kama mtoto alijibu ndiyo au la. Alisikiliza sababu, na kwa sababu hizo akapanga ngazi sita za kukua kwa akili ya mtu katika mambo ya wema na ubaya.

Basi na tumsikilize mchungaji wetu. Akisema, “Sivuki, maana nikikamatwa nitafungwa,” yuko ngazi ya kwanza, ambayo ni ya mtoto anayeogopa fimbo. Akisema, “Navuka, maana faida ni kubwa kuliko hasara, na jirani akinificha leo nami nitamficha kesho,” amepanda ya pili, ambayo ni ya biashara. Katika ngazi ya tatu atawaza baba yake na rika lake watamwonaje: je, watamwita mchungaji mwema aliyeokoa mifugo ya nyumba, au mwizi wa majani? Katika ya nne ataona kwamba kila mtu akivuka hapatakuwa na mbuga, na kwamba sheria ni ya wote, pamoja na yule mwenye shida. Ngazi mbili za juu ni za mtu anayeweza kuihukumu sheria yenyewe. Huyo aweza kuuliza kama ni haki pundamilia na nyumbu wa mbuga kuja kula majani ya Kitengela wakati wa mvua bila kuulizwa, na ng'ombe wa Kitengela wasivuke hata siku ya kufa. Naye atataka mapatano mapya yafanywe mchana, mbele ya watu. Wanaofika juu huko ni wachache mno, hata Kohlberg mwenyewe baadaye aliiacha ngazi ya sita katika kitabu chake cha kupimia.

Elimu hii ililetwa Kenya na kujaribiwa. Mwaka 1975 mtaalamu mwingine wa Marekani, Carolyn Pope Edwards, alichapisha uchunguzi alioufanya miongoni mwa wazee wa vijijini waliosifiwa kwa uadilifu, na miongoni mwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wazee wengi walijibu kwa namna ya ngazi ya tatu. Wanafunzi walielekea zaidi ya nne. Msomaji asiye mwangalifu atadhani kwamba kijana wa chuo ni mwema kuliko mzee anayeamua kesi za watu chini ya mti! Edwards hakusema hivyo. Alieleza kwamba ngazi ya tatu yatosha na yafaa mahali ambapo watu wote wajuana kwa sura na kwa ukoo, na kwamba ile ya nne yatakiwa palipo na mahakama, maandishi na watu wasiojuana.

Hapo ndipo kipimo cha Kohlberg kinapoonyesha upungufu wake. Kinapima maneno ya mtu aketiye kitini na kuulizwa. Hakimfuati mtoni usiku. Karani aweza kueleza vizuri sana kwa nini rushwa yaharibu nchi, na jioni hiyo hiyo faili la mtu maskini likakaa chini ya mengine mpaka “chai” itolewe. Akili yake iko ngazi ya nne, lakini mkono wake haujapata habari.

Mwanafalsafa Aristotle wa Ugiriki, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alianza upande mwingine. Hakuuliza kwanza tendo gani ni halali, bali mtu wa namna gani atalitenda. Alifundisha kwamba wema haupatikani kwa kusikia mafundisho tu, bali kwa mazoea, kama vile fundi apatavyo ujuzi wa kujenga kwa kujenga. Mtu huwa mwenye kiasi kwa kujizuia mara nyingi, na huwa shujaa kwa kusimama mara nyingi mahali pa hatari. Tena kila fadhila ina hatari mbili kandokando yake: ushujaa uko kati ya woga na ujuba. Na kinachomwonyesha mtu palipo katikati ni busara, ambayo haiji kwa siku moja.

Wamasai hawakumngoja Mgiriki awafundishe hayo. Neno lao enkanyit, yaani heshima, ndilo msingi wa malezi yao, na njia yake ni mazoea kweli kweli. Kijana akisha kuwa morani, desturi yamkataza kunywa maziwa peke yake. Hata akiwa na njaa, sharti atafute mwenziwe wa rika. Si sheria ya serikali, na wala hakuna mizani ya kupima maziwa yaliyopungua. Lakini kijana aliyeshinda njaa yake mara mia kwa ajili ya mwenziwe amejifunza jambo ambalo halisomwi kitabuni. Juu yake wako wazee wa olpiron, walezi wa rika lake, wenye haki ya kumwonya. Daraja za enkipaata, eunoto na olng'esherr, zinazomtoa mtu utotoni mpaka uzee, ziliandikwa na UNESCO mwaka 2018 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa upesi.

Lakini mazoea bila busara yaweza kupotea njia. Mwezi wa Juni 2012, simba walioingia maboma karibu na Kitengela waliua mbuzi, na watu wenye hasira wakawaua simba sita kwa mikuki. Hao hawakuwa waoga, wala hawakukasirika bure; mbuzi ni ada ya shule na chakula cha watoto. Walikuwa na ushujaa waliorithi kwa baba zao. Ila Aristotle angewauliza kama hasira ile ilikuwa kwa kipimo chake na kwa wakati wake.

Jirani na mbuga hiyo hiyo mvulana wa Kimasai, Richard Turere, alikuwa na kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake, naye aliwachukia simba kama wengine. Alijaribu moto, akajaribu sanamu ya mtu, simba wakazizoea. Usiku mmoja akitembea na tochi aliona kwamba simba waogopa mwanga unaotembea. Akiwa na miaka 11 akaunganisha betri kuukuu ya gari, sola, taa ndogo na kifaa cha kumetesha taa cha pikipiki, akaweka taa zinazomemeta kuzunguka zizi. Simba wakaacha kuja, na mwaka 2013 akaalikwa Marekani kueleza kazi hiyo. Ni ushujaa ule ule wa kulinda boma, ila umeshikwa mkono na busara.

Kitengela ya leo ni mji. Hesabu ya watu ya 2019 ilipata zaidi ya watu 150,000, wengi wao wageni wasiojua rika la jirani yao. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa huko dola 4 kwa eka kila mwaka, ili wasizungushe ua wala kudhuru wanyama, njia ya wanyama ikae wazi. Mnunuzi wa ploti hutoa fedha nyingi kuliko hizo mara nyingi sana. Mwenye ardhi aliyetia sahihi yake, anapopigiwa simu na dalali usiku, hana mzee wa olpiron kando yake, na ng'ombe watakaokosa njia mwakani si wake peke yake.