Mnara Mmoja, Mabwana Wanne



Wengi wetu tukisikia habari za kampuni za simu tunasema hayo ni mambo ya Kampala, hayawahusu watu wa pamba, wa kahawa wala wa saruji. Sisi tunasema yanatuhusu sana. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Yaliyowapata wafanyakazi wa simu yamekwisha kubisha hodi hapa Kasese na Bwera.

Tuanze mwanzo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Uganda ikawa na shirika lake la posta na simu. Opereta aliyeunganisha simu kwa mkono, fundi aliyepanda nguzo, karani wa stempu na askari wa lango, wote walikuwa na mwajiri mmoja. Njia ya simu ilikuwa waya wa shaba, na shaba sisi watu wa Kilembe tunaijua. Hatusemi shirika lile lilikuwa peponi. Laini zilikuwa chache, na wananchi wengi hawakuota kuwa na simu nyumbani. Lakini mfanyakazi alijua bwana wake ni nani, na chama kilijua kibishe mlango upi.

Mwaka 1995 Celtel ilileta simu ya mkononi. Mwaka 1997 ilipitishwa sheria mpya ya mawasiliano, na mwaka 1998 shirika likakatwa vipande: posta mbali, simu mbali, benki mbali. Mwaka huohuo MTN ikaanza kazi. Mwaka 2000 Serikali iliuza asilimia 51 ya Uganda Telecom kwa kampuni za nje. Mwaka 2017 kampuni hiyo, ikiwa imelemewa na madeni, iliwekwa chini ya msimamizi.

Watu husema simu isiyo na waya ndiyo iliyokula kazi za watu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Mtambo haukai mezani kuamua nani aajiriwe na nani atoke. Wanaoamua ni wenye mali, na wenye mali wa simu walikuwa na mpango wao: kukata kampuni vipande na kubaki na kile chenye faida.

Tazameni minara. Mwaka 2012 MTN Uganda iliihamisha minara yake kwa kampuni mpya, ambayo asilimia 51 yake ilikuwa ya American Tower ya Marekani. Mwishoni mwa 2019 Wamarekani haohao wakainunua Eaton Towers, iliyokuwa nayo na minara hapa Uganda. Kwa tajiri hesabu hii ni nzuri. Anapata fedha mara moja, anaondokana na mzigo wa kutunza minara, kisha anakuwa mpangaji. Na mwenye mnara anapangisha nguzo moja kwa kampuni mbili au tatu zinazoshindana.

Sasa ifanyeni hesabu ya mfanyakazi. Mnara una mwenyewe. Mitambo ya mawimbi iliyofungwa juu yake ni ya kampuni ya simu. Fundi wa jenereta na betri mara nyingi ni wa mkandarasi. Askari anayelala chini yake ni wa kampuni ya ulinzi. Mnara mmoja, mabwana wanne! Askari akidai nyongeza, bwana wake anasema mkandarasi hajamlipa, mkandarasi anamtaja mwenye mnara, na mwenye mnara anamtaja mpangaji. Je, chama kikae mezani na nani?

Hata kazi za ofisini hazikupona. Bharti Airtel ya India iliponunua mitandao ya Zain katika nchi 15 za Afrika mwaka 2010, iliwapa IBM, Tech Mahindra na Spanco kazi ya kupokea simu za wateja. Kazi ileile, bwana mwingine.

Na wale wa barabarani? Walikuwepo wauza kadi za kukwangua. Watu walipoanza kununua muda wa maongezi ndani ya simu yenyewe, biashara ya kadi ikafifia. Wakaja mawakala wa fedha kwa simu, kazi iliyoanza mwaka 2009. Wakala wa Bwera au Mpondwe anakaa kutwa chini ya mwavuli, anatumia mtaji wake, analipwa kamisheni. Akiugua, hakuna likizo. Akiibiwa, hasara ni yake. Huyu naye ni mfanyakazi, ingawa kampuni inamwita mfanyabiashara.

Hatuipigi vita simu. Mfanyabiashara wa Bwera anauliza bei ya Kasindi kabla ya kupakia mzigo, na mama anapata fedha za mwanawe siku ileile. Tunachopinga ni faida kupanda juu na hasara kumwangukia mnyonge.

Ndugu, fungueni macho. Kiwandani au shambani, wakisema walinzi sasa ni wa mkandarasi, kesho watasema hivyo kwa wapakizi, keshokutwa kwa madereva. Huo ndio mpango uleule wa minara. Kwa hiyo tufanye haya:

Kwanza, tusingoje mashine ifike. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri anayekusudia kuachisha watu 10 au zaidi ndani ya miezi 3, kwa sababu za uchumi au za mitambo, akiarifu chama na Kamishna wa Kazi: sababu gani, watu wangapi, wa kazi gani, kwa muda gani. Tuidai taarifa hiyo kwa maandishi.

Pili, mkataba wetu na mwajiri useme wazi kwamba kazi ikihamishiwa kwa mkandarasi, mfanyakazi anahama na miaka yake yote ya utumishi, na mashine mpya inakuja pamoja na mafunzo.

Tatu, mshahara ukilipwa kwa simu, gharama ya kuutoa ailipe mwajiri. Mwaka 2018 Serikali iliweka kodi juu ya fedha zinazotolewa kwa simu, na wakala naye ana ada yake. Jasho letu lisikatwe mara mbili.

Nne, na hili ndilo kubwa, tusiwaulize wenzetu nani anawalipa. Kila anayepita lango moja kwenda kazini, awe wa kampuni au wa mkandarasi, aingie chama kimoja. Wao wametugawa kwa karatasi. Sisi tuungane langoni.

Umoja ni nguvu!