Darajani, daraja liko wapi?

Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji, Kamisheni ya Utalii Zanzibar



Mimi ni mkaazi wa Mlandege. Nyumba yetu iko nyuma ya maduka ya nguo, hatua chache kutoka Darajani, na nimezaliwa humo humo. Nakuandikia kwa sababu ya shangazi yangu.

Shangazi anaishi Micheweni, kaskazini ya Pemba. Amepita miaka sitini, na mji wa Unguja ameufikia mara mbili tu: mara ya kwanza kwa maziko, mara ya pili kwa kuuguza. Mara zote mbili alishuka botini akapandishwa gari, akateremshwa mlangoni, na siku ya kurudi ikawa vivyo hivyo. Mwaka huu fedha zake za mwani kazitenga. Anataka kuja kuuona mji, hana maiti wala mgonjwa anayemfuata, na anakuja na wajukuu wawili, mmoja wa darasa la nne na mwengine wa darasa la sita. Akanipigia simu: "Mwanangu, nipangie. Siku mbili. Usinipeleke mbio."

Usiku ule ule nilichukua daftari la skuli la mwanangu nikaanza kupanga. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Hii ni wiki ya tatu, na kila ukurasa wa daftari lile una masuala mengi kuliko majibu.

Suala lake la kwanza lilikuwa la Beit al-Ajaib. Alisoma habari zake alipokuwa mtoto, kwamba Sultani Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883, na baadaye ikatiwa umeme na lifti wakati nyumba nyengine nyingi zikiwasha vibatari. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ilipoporomoka mafundi wakiwa kazini na watu wawili wakafariki, alisikia redioni akalia. Sasa anauliza: ntaweza kuingia? Na kama siwezi, nisimame wapi niione vizuri? Mgeni aliyekuja kwa ndege kutoka Ulaya ana mtembezaji wa kumjibu. Shangazi ana mimi, na mimi ilinibidi nifunge mlango nende mpaka Forodhani kuangalia kwa macho yangu ndipo nimpigie.

Suala la pili alilileta kwa sauti ya chini. Wajukuu wamesomeshwa kuhusu soko la watumwa la Mkunazini lililofungwa mwaka 1873, na kanisa la Anglikana lililojengwa juu ya uwanja wake kwa juhudi za Askofu Edward Steere. Wanataka kupaona. Shangazi ni mtu wa swala na buibui lake. "Ni kanisani, mwanangu. Wananiruhusu?" Nikamwambia wanaruhusu, karibu sana. Lakini suala lile lilinikaa moyoni siku nzima. Ni wangapi waliopita nje ya ukuta ule umri wao wote, wakenda sokoni na kurudi, wakiamini kuwa mle ndani si pao? Kisa kilichomo ndani ni cha wazee wetu. Masanamu ya watumwa waliosimama shimoni na minyororo shingoni yapo pale tangu mwaka 1998, watu wanavuka bahari mbili kuja kuyatazama, na mtoto wa Micheweni anayajua kwa picha ya kitabuni.

Kisha yakafuata mambo madogo madogo, na kwa mtu mzima mambo hayo ndiyo safari yenyewe. Choo kiko wapi baina ya Malindi na Shangani? Mwanamke akikutwa na adhuhuri Kiponda ataswali wapi? Msikiti Bamnara ninamwonesha kwa nje, ule mnara wake wa mviringo wenye nakshi za meno meno, lakini anataka na pahala pa kutia udhu. Ijumaa milango ipi inafungwa, na inafunguliwa saa ngapi? Magoti yake yanamuuma. Yako wapi mabaraza ambayo mtu anaweza kukaa bila ya kuulizwa anaagiza nini? Kiingilio cha mkaazi ni shilingi ngapi, na cha mtoto wa skuli je? Safari hii ina mkoba mmoja wa fedha za mwani, na kila mlango lazima uhesabiwe kabla ya boti kung'oa nanga Mkoani.

Mwaka jana nilikuwa na mgeni kutoka Tanga, nikampeleka kwenye nyumba moja ya zamani ambayo jina lake nalihifadhi. Ubao wa mlangoni ulikuwa wa Kiingereza kitupu na bei yake kwa dola. Nikamuuliza kijana wa mlangoni kiingilio chetu sisi. Akatutazama, akasema, "Nyinyi mnataka nini humu?" Hakutudharau, nilimwona usoni, alishangaa kikweli. Hakuwahi kufikiria kwamba Mswahili anaweza kutoka kwake, akavaa nguo nzuri, akaja kutazama nyumba iliyojengwa na mafundi wa Kiswahili. Mgeni wangu akasema turudi. Tukarudi.

Mheshimiwa, najua Kamisheni yako imebeba mzigo mkubwa, na najua nchi inakula kutokana na utalii. Mwaka 2023 wageni wa kutoka nje walipita laki sita. Hao ni wengi, na Mwenyezi Mungu awazidishe. Lakini sensa ya 2022 ilituhesabu sisi wenyewe watu 1,889,773, karibu mara tatu yao. Ongeza ndugu zetu wa Tanga, wa Bagamoyo, wa Dodoma, wanaopanda boti Dar es Salaam wakafika hapa kabla hawajasikia njaa. Katika hesabu ya matembezi, watu wote hao ni nani? Bara, kiingilio cha raia katika mbuga za taifa kimepangwa kwa shilingi na kimetangazwa, mtu wa Morogoro anakijua kabla hajatoka nyumbani. Ninachoomba kwa mji wetu hakizidi hapo.

Wala si kweli kuwa watu wetu hawapendi kutembea. Nenda Mnazi Mmoja siku ya sikukuu ukaone magari ya shamba yanavyoshusha watoto, wasichana na hina mpya, wavulana na kanzu zenye mikunjo ya dukani. Nenda Kariakoo ya hapa kwetu kwenye bembea. Nenda Forodhani baada ya magharibi, ukaone familia ya Makunduchi imekaa ukutani na sahani moja ya urojo inapita mikono mitano. Wanakuja. Wanakula, wanapunga upepo, wanarudi, na mji hawakuambiwa chochote kuuhusu. Walikaa mita chache kutoka Ngome Kongwe na hawakujua kwamba kutoka pale pale mbele ya ngome, mwaka 1905, ilianza reli ya kwenda Bububu, karibu kilomita 11, na treni ikipiga honi kwenye mitaa myembamba watu wakibana ukutani. Watoto wa siku hizi wanalilia kupelekwa Dar es Salaam wakaone treni mpya ya umeme. Ningependa wajue kwanza kuwa babu wa babu yao alipanda treni Ngomeni.

Lakini kilichonikalisha chini niandike barua hii ni suala la yule wa darasa la nne. Alimnyang'anya bibi yake simu akaniuliza: "Mamdogo, huko Darajani, daraja lenyewe liko wapi?"

Naishi hapo, navuka hapo kila siku nikienda kununua samaki, na sijui kibao chochote ambacho ningeweza kumsimamisha mbele yake nikasema soma. Ilibidi nimsimulie kama nilivyosimuliwa na marehemu baba. Kwamba mkono wa bahari uliingia kutoka upande wa Funguni, ukapita nyuma ya mji, na maji yakijaa mji wa mawe ukabaki kama kisiwa. Kwamba watu walivuka kwa daraja, na upande huu wetu, kwa kuwa uko ng'ambo ya maji, ukaitwa Ng'ambo. Kwamba maji yale yalifukiwa kidogo kidogo katika karne iliyopita, juu yake ikapita barabara iliyoitwa Creek Road, ambayo leo ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Daraja limo chini ya miguu yetu, jina ndilo lililobaki juu. Mtoto akanyamaza, kisha akasema: "Basi nitasimama hapo nisikilize kama kuna maji." Mpango wangu wote nimeupanga upya kwa ajili ya neno hilo.

Kwa sababu ramani zote nilizowahi kutiwa mkononi zinaishia kwenye barabara ile. Ramani inaonesha Mji Mkongwe kichochoro kwa kichochoro, inaonesha soko la Darajani la mwaka 1904, halafu upande wa pili wa barabara karatasi inakuwa nyeupe. Mlandege iko kwenye ule weupe. Vikokotoni, Mwembetanga, Kikwajuni, Michenzani, Raha Leo, zote. Maji yalishafukiwa zamani, na ramani bado haijavuka.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na ni haki yake. Lakini nani aliyeufinyanga mji huu ukawa na sauti? Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akaja mjini akiuza vyungu, na Ng'ambo ndiko alikoishi na kuimba kabla na baada ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Bi Kidude, aliyetutoka mwaka 2013, alikuwa mtu wa mitaa hii. Watoto wa mtaani walimjua kwa sauti kabla ya kumwona. Majumba ya Michenzani, yale marefu yanayokwenda pande nne, yalijengwa enzi ya Mzee Karume kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na mpaka leo kuna bibi wanaoweza kukuhadithia walivyohamia humo kutoka nyumba za udongo na makuti. Pale Raha Leo ndipo redio ilipoitangazia dunia Mapinduzi ya Januari 1964. Na kama kuna anayesema Mlandege haijulikani, awaulize wapenda mpira wa Bara: timu ya mtaa huu ilichukua Kombe la Mapinduzi 2023, ikalichukua tena Januari 2024 kwa kuifunga Simba bao moja. Mwezi ule wageni wawili walinisimamisha Darajani wakaniuliza Mlandege ni wapi. Nikawaambia mko ndani yake.

Wala serikali haikuanza kuitambua Ng'ambo leo. Wataalamu wa mipango miji walikaa na wakaazi miaka ya 2010 wakachora mpango wa Ng'ambo Tuitakayo, wakapita nyumba kwa nyumba wakiuliza tunakumbuka nini na tunathamini nini. Wazee walieleza. Yaliyokusanywa yapo. Nakuomba yatoke makabatini yaingie mikononi mwa mtu anayeshuka botini.

Ninachoomba ni karatasi moja, Mheshimiwa, iliyokunjwa mara mbili, ya Kiswahili, ipatikane getini bandarini Malindi, Mkoani na Wete, na kwenye boti zinazotoka Dar es Salaam. Kama ipo tayari, basi ombi langu ni ifike hapo. Iwe na milango na saa zake, kiingilio cha mkaazi kwa shilingi, vyoo, pa kuswali, pa kukaa. Iandikwe na mtu anayezungumza Kiswahili chetu, isiwe tafsiri ya karatasi ya mgeni, kwa sababu shangazi hahitaji kuelezwa karafuu ni nini. Anahitaji kuelezwa Barghash alikuwa nani na kwa nini nyumba yake imezungushiwa mabati. Na njia iliyochorwa humo isigeuke ikifika Darajani. Ivuke. Ipite Mlandege penye vitambaa, ifike Michenzani, imalizikie Raha Leo kwenye kahawa. Vijana wa mtaani kwetu wangeitembeza njia hiyo kesho. Papasi wa bandarini, wale wanaowafuata wageni, wanazungumza Kitaliano cha kutosha kuuza safari ya Kidichi. Kuna vijana wengine wanaozungumza Kiswahili kizuri na hawajawahi kuombwa wakitumie kumtembeza mtu.

Na pale Darajani naomba kibao kimoja. Kiseme hapa palikuwa na maji, na hapa palikuwa na daraja.

Daftari langu limefika kurasa ishirini na moja. Lina masuala ya shangazi kama alivyoyauliza, majibu niliyoyapata kwa miguu yangu, na bei ambazo niliambiwa nikaziandika pamoja na siku niliyoambiwa. Mkilihitaji nitalileta ofisini au mtume mtu, duka lolote la vitambaa Mlandege watamwonesha nyumba. Lakini iwe baada ya wiki ijayo. Boti ya shangazi inafika Alkhamis, na daftari nitakuwa nalo mkononi getini Malindi.

Wako katika kuujenga mji,

Mkaazi wa Mlandege, Unguja