Aliyegeuza Njia
Jumapili ya mavuno, ibada ikiisha, usharikani kwetu tunatoka nje na mnada unaanza: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Mwaka huu bibi mmoja alileta mayai matatu ndani ya kikombe cha bati, kayafukia kwenye pumba yasivunjike. Matatu tu. Aliyaweka madhabahuni kwa mikono miwili, akapiga goti, akarudi kukaa taratibu. Bahasha niliyokuwa nimeiandika harakaharaka asubuhi ikawa nzito mkononi mwangu. Tangu siku hiyo nawawaza wale wakoma kumi wa Luka 17. Wote waliomba, wote walitakasika wakiwa njiani kwenda kujionyesha kwa makuhani, na wale tisa waliendelea tu na safari waliyoagizwa. Mmoja, tena Msamaria, ndiye aliyegeuza njia, akarudi kushukuru. Naona hapo ndipo penye ugumu: kushukuru kunadai usimamishe mwendo. Kwenye mikesha tunamlilia Mungu ada, kazi, mtoto mgonjwa. Mtoto akipona, tunahamia ombi linalofuata. Siku hizi, kabla ya kulala, namtajia Mungu mambo ya siku hiyo moja baada ya jingine: maji yaliyotoka bombani alfajiri, jirani aliyenianulia nguo mvua ilipoanza, homa ya binti yangu iliyoshuka. Jana umeme ulikatika nikiwa sijamaliza, nikaendelea gizani.