Uongozi wa watoto uanzie kwenye ndoo ya maji

Mhariri,

Mimi ni mlezi wa Utoto Mtakatifu kigangoni kwetu, na nina dukuduku. Askofu Charles de Forbin-Janson wa Ufaransa alianzisha shirika hili mwaka 1843 ili watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala na sadaka ndogo. Sisi tunawashonea sare, tunawafundisha kucheza mbele ya altare, basi. Hata mwenyekiti wao tunamchagua kwa sauti nzuri, au kwa sababu baba yake hachelewi michango. Hili linaniuma.

Mwezi uliopita niliwapeleka kumi na wawili kwa bibi mmoja mgonjwa. Binti wa darasa la tatu, ambaye mazoezini hata hasikiki, aliona mtungi mtupu. Hakuuliza mtu. Alibeba ndoo, akawapanga wenzake hadi bombani, wadogo akawapa vidumu vya lita tatu. Mtungi ukajaa, naye akashika ufagio.

Yesu alianza kwa kuwaosha wanafunzi wake miguu, ndipo akawaambia watendeane hivyo. Mapadre wetu, makatekista na wazazi, naomba Jumamosi moja tu kila mwezi tuwaachie watoto waende kwa wagonjwa na wazee, mazoezi ya maandamano yasubiri.

Mlezi wa watoto,
Morogoro